Leo Anapita Jioni

Agripina alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, mume wake Enock alipotoka kuoga, taulo shingoni, akasema chai iwahi, maana leo anapita jioni. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja treni ya mizigo. Agripina hakuinua kichwa. Kalamu yake nyekundu ilikuwa juu ya sentensi ya mwanafunzi mmoja aliyeandika kwamba mbuzi ya babu imepotea, na yeye alikuwa anamrudishia yule mbuzi uhai wake: wa babu, amepotea.

"Kinapita," alisema. "Chombo kinapita."

"Ee, kinapita," Enock akajibu, akaingia ndani kuvaa.

Kesho yake akasema tena anapita.

Chombo chenyewe kilikuwa setilaiti ndogo, ukubwa wa boksi la viatu, yenye mabawa mawili ya sola. Enock alikuwa mtafiti katika kituo kilichojengwa ndani ya vichaka nje ya Itigi, njia ya Mitundu, penye dishi moja, chumba cha kompyuta na jenereta lenye kiburi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi vyombo vinavyoruka chini chini, juu tu ya mwisho wa anga, vinavyovutwa na hewa nyembamba iliyobaki kule. Hewa hiyo ni kidogo mno, lakini haichoki. Kila siku chombo kinapoteza mwendo kidogo na kushuka kidogo, mpaka siku kinaposhuka mno na kuungua. Enock alipima huko kushuka. Ili apime vizuri ilibidi ajue kila kitu: kama betri imejaa, kama ubavu wa kivulini umeganda, kama ule wa juani umechemka. Akirudi nyumbani alisimulia hayo huku akikata ugali. Leo ameamka vizuri. Leo alitetemeka kidogo alipotoka gizani.

"Kimetetemeka," Agripina alisema.

"Mama Belinda, si wewe uliyeniambia kifaru ana ki mbele lakini tunasema anatembea?"

"Kifaru anapumua."

"Na huyu anapigana na hewa tangu alfajiri. Anayepigana na hewa si anapumua?"

Agripina alikuwa mwalimu wa Kiswahili, tena mkali, na alijua kwamba hilo si jibu. Lakini halikuwa kosa la sarufi lililomnyima usingizi. Simu ya Enock ilikuwa inalia kila jioni, na watafiti wenzake, wanaume wazima wenye shahada, walikuwa wakimaliza habari za kazi wanamuuliza nyumba kubwa inaendeleaje. Enock alikuwa anajibu, "Ipo. Haijambo." Nyumba kubwa ilikuwa ni Agripina. Alikuwa amesikia jibu hilo miaka yote ya ndoa yao akalichukulia kuwa ni mazungumzo ya wanaume, hadi jioni aliyoyasikia yote mawili kwa pumzi moja: nyumba kubwa ipo, na yeye kule juu yupo, anapita. Hapo ndipo wivu ulipomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Boksi la viatu lilikuwa limepewa A. Yeye, aliyezaa, aliyesoma, aliyekuwa anapika ule ugali, alikuwa kwenye ngeli moja na meza.

Akamwambia mumewe waziwazi. "Baba Belinda, watu wakikuuliza habari zangu, sema yupo. Hajambo."

Enock alimtazama kwa upole. Alikuwa mtu wa Kintinku, kutoka familia ya wafugaji, na baba yake hakuwahi kutaja jina la mke mbele ya wanaume. "Nyumba kubwa ni heshima," alisema. "Nyumba ndogo ndiyo tusi." Akarudi kwenye kompyuta yake, na hapakuwa na ubaya wowote usoni pake. Hilo lilimuuma zaidi.

Luciana, jirani wa upande wa pili wa ua, aliyekuwa anauza vitunguu stesheni, alikuja siku moja kuazima ungo akakaa muda mrefu kuliko ungo unavyohitaji. "Mwalimu, usinichukie," alisema. "Watu wanasema mume wako ana nyumba ndogo huko porini."

"Ni ndogo kweli," Agripina alisema. "Ukubwa wa boksi la viatu. Ina mabawa."

Luciana alifikiri. "Yenye mabawa ndiyo mbaya. Hiyo huifumanii." Akachukua ungo wake. Alipofika kwenye ua aligeuka. "Lakini lisemwalo lipo, mwalimu. Kama halipo, laja."

Akaja wiki hiyohiyo, jioni, jua likiwa limeshazama. Agripina alikuwa anaanua nguo. Alisikia hodi kutoka upande wa reli, akageuka akaona mwanamke mwembamba mwenye mabega ya mraba, amenyoosha mikono, na kwenye kila mkono ametandaza kipande cha kitenge cha buluu iliyokolea, kama mtu anayekausha nguo zake mwenyewe. Shavu lake moja lilikuwa limeiva kwa joto na la pili lilikuwa na barafu. Miguu yake haikugusa mchanga. Hakusimama, wala hakupunguza mwendo. Aliukata ua ulivyo, kutoka upande wa reli kwenda upande wa shule, taratibu na bila kupinda, na mtu aliyetaka kuongea naye ilimbidi atembee.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba," Agripina akajibu.

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Alikuwa amelelewa Kiomboi na bibi ambaye shikamoo ikianguka chini aliiokota kwa fimbo, na mdomo wake haukujua njia nyingine. Alibaki amekumbatia mashuka huku mgeni akipita chini ya mwarobaini, akiomba radhi kwamba hawezi kukaa, akisimama tu ataanguka. Kisha akatokezea upande wa shule akaenda zake.

Luciana alikuwa ameegemea ua, anachambua choroko. "Umeitikia," alisema. "Basi umempokea. Huyo ni mdogo wako sasa."

Enock aliporudi aliuliza kama amepita hapo, maana kwenye mitambo alimwona amesogea kidogo upande wa nyumbani.

"Amepita," Agripina alisema. Akaisikia ile A ikimtoka mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili, akaenda kuweka maji ya chai.

Tangu hapo akawa mgeni wa kawaida. Enock alianza kurudi mapema. Alikuwa anavaa shati safi, anasimama kwenye pembe ya ua upande wa reli, na mgeni akifika wanatembea pamoja, Enock mikono nyuma, hadi upande wa shule. Haikuchukua muda mrefu kuliko wa mtu kumenya viazi. Agripina aliyaona yote kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Hawakushikana. Hawakunong'ona. Enock alikuwa anamuuliza amelalaje, kama hewa ya leo inamvuta sana, kama lile bega la kushoto bado linamsumbua, na akijibiwa alikuwa anatikisa kichwa kwa uzito, kama anayepokea habari za mama mzazi. Kisha alikuwa anaingia jikoni na kumuuliza Agripina, "Huku kukoje?"

"Kuzuri," alijibu. Kulikuwa kuzuri, na yeye hakuulizwa.

Majirani wengine walimzoea mgeni upesi. Wake wa wafanyakazi wa reli walimsalimu akipita, na mmoja alijaribu kumpa asali ya Itigi kwenye chupa, lakini mikono yake ilikuwa imejaa vile vitenge. Walimsifu kwa adabu. Hawezi kukupita asikusalimie, walisema, na saa zake hazidanganyi, bora kuliko treni. Agripina alizisikiliza sifa hizo huku akipepeta mchele kwa nguvu isiyotakiwa na mchele.

Siku zile ndipo alipoanza kujiona vibaya. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ubaoni anaandika mnyambuliko wa vitenzi, mjusi akashuka kutoka ukutani, akapita juu ya kiganja chake hadi kiwikoni, akatulia hapo kipindi kizima akingoja nzi. Mjusi hakuonyesha kwamba amevuka mpaka wowote. Wanafunzi waliendelea kunakili. Alipojikuna, chokaa ilidondoka kutoka kwenye mkono, na kwa kuwa yeye ni mwalimu, akaona ni chaki. Upepo wa Singida, ambao mchana hauna kazi nyingine, ulikuwa ukipiga anasikia mluzi ndani ya sikio moja, na alipoliziba kwa kidole, mluzi ulihamia la pili. Alimweleza Enock. Enock alisema hata kituoni vumbi limezidi.

Halafu jua likachafuka. Enock alieleza kwa simu kwamba limetema moto upande wa dunia, na moto huo hauonekani kwa macho, lakini huko juu hewa inavimba kama unga uliotiwa hamira na mawasiliano yanajaa kelele. Yeye na mkuu wa kituo, Daktari Gasto, walikuwa wamelala hukohuko vichakani wanajaribu kumsikia. Walipata mvumo mtupu. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu ambaye mgonjwa wake yuko chumba cha ndani na hawamruhusu kuingia.

Jioni hiyo mgeni alikuja akiwa chini. Miguu yake iliburuza mchanga na kuacha mfereji. Kitenge cha mkono mmoja kilikuwa kimekunjamana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mzee yuko wapi?"

"Kazini. Anakutafuta."

"Redioni simsikii," mgeni alisema. Alihema, na Agripina akaona kwamba Enock hakusema uongo, kweli anapumua. "Hewa imekuwa nzito. Naikabili kifua wazi, inanishusha. Nikilala ubavu itanipata kidogo, nitavuka. Lakini sigeuki bila neno lake, ndivyo nilivyoundwa. Mwambie aje kesho jioni, asimame hapa, aniambie kwa mdomo. Nisipogeuka kesho, basi."

Agripina alikuwa anatembea ubavuni mwake, na walikuwa wameshafika kwenye mwarobaini. Alijua ana hatua chache tu. Kwa kuwa mgeni hakuundwa kusema uongo, alimuuliza alichokuwa anataka kujua tangu mwanzo.

"Mkitembea hapa, akinitaja, anasemaje?"

Mgeni alifikiri kwa haki. "Anasema nyumbani kumetulia," alisema. "Zaidi ya hapo hajasema." Akaenda zake upande wa shule, mchanga ukifuka nyuma yake.

Simu ililia Agripina akikaanga vitunguu. Enock aliuliza kama kuna jipya huko. Mafuta ya alizeti yalikuwa yanaruka, na Agripina aliishika simu kwa bega akakoroga kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaza tu kwamba A ni moja, imetoka kwake imekwenda juu, na aliye juu akiondoka itarudi ilikotoka. Ni hesabu ambayo mwalimu wa sarufi hakupaswa kuifanya, maana ngeli si chumvi iishe kwenye kopo.

"Hakuna jipya," alisema.

"Haya. Mimi nitalala huku na kesho pia."

Kesho yake jioni Agripina alifunga mlango wa jikoni. Alisikia hodi kutoka upande wa reli. Alisikia mburuzo ukija, mzito, kama gunia linalovutwa na mtu mmoja. Mburuzo ulipita karibu kabisa na mlango, na sauti ikasema shikamoo, dada. Agripina aliuma ncha ya kanga. Shikamoo ilikaa pale mlangoni ikimngoja. Tangu azaliwe hakuwahi kuacha moja bila kuitikia, na mwili wake wote ulitaka kuitikia, lakini alikaza meno mpaka mburuzo ukafika upande wa shule.

Kabla giza halijakolea watu wa Itigi waliona mstari wa moto ukipita juu kwenda upande wa kaskazini, mwembamba, ukigawanyika vipande vitatu kisha vingi. Belinda, binti yao aliyekuwa bweni huko Kiomboi, alipiga kwa simu ya matroni kusema wameuona hata wao, na ulikuwa mzuri.

Enock alirudi na gari la kituo. Alishuka, akasimama kwenye mfereji ulioachwa mchangani, akasema, "Amefariki."

Wakaweka matanga, maana kilichokuwa kinapita na kusalimia watu hakiwezi kuondoka bila matanga. Turubai lilifungwa kwenye mwarobaini, viti vya plastiki vikaletwa kutoka kanisani, na vingine kutoka msikitini vilipopungua. Hakuna aliyeuliza maiti, kwa kuwa wote waliona alivyoungua. Wanaume walimzunguka Enock, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, ndevu hazijanyolewa. Wanawake walikwenda jikoni kwa Agripina, mmoja mmoja, wakimshika mkono.

"Pole kwa kuondokewa na mdogo wako."

"Ahsanteni."

Alipika ugali, mlenda na kuku wawili. Alilia pia. Vitunguu vya Luciana ni vikali, lakini havikuwa vitunguu. Alimlilia mwanamke aliyekuwa anamwamkia kila jioni bila kukosa, mtu pekee kwenye ua ule aliyemwita dada, na palepale alikuwa bado anamwonea wivu, kwa kuwa huko nje wanaume hawakutaja jina lingine. Alikuwa mtulivu. Alikuwa hachelewi. Alikuwa, alikuwa, alikuwa. A ilikuwa imekwenda na marehemu nayo inakula matanga.

Enock alikuja jikoni mara moja, kuchukua maji. "Siku zile hakukuambia neno?"

"Alisalimia tu," Agripina alisema.

Enock alitikisa kichwa. "Ndivyo alivyokuwa," alisema, akarudi kwenye mkeka.

Siku ya kuanua matanga Daktari Gasto alisimama kwa niaba ya kituo. Alisema kazi ya marehemu haikupotea, kwamba hata kuanguka kwake kumefundisha jinsi hewa inavyovimba. Kisha akainama kwa Enock, akamwambia kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka jikoni kwamba mwingine yuko tayari. Atarushwa kiangazi hiki. Mabawa yake ni mapana zaidi.

Enock aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Anaitwa nani?" aliuliza.

Agripina alikuwa ametoka jikoni na sinia la vikombe. Aliweka sinia chini. Alijisikia mzito ghafla, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jikoni apumzike kidogo, na ukuta ukampokea kama ulivyompokea mjusi. Alipotaka kunyanyuka, hakunyanyuka.

"Na nyumba kubwa?" Daktari Gasto alikuwa anauliza, akitazama huku na huku. "Tumekula vizuri. Iko wapi tuishukuru?"

Enock hakugeuka. "Ipo," alisema. "Haijambo."

Agripina alifungua mdomo kusema yupo. Ulifunguka kwa mlio wa bawaba, na kuku mmoja akaingia. Watu waliendelea kuaga, wakipita mbele yake, wakisema kwaheri kwa Enock. Luciana alikuja akikokota baiskeli yenye madumu. Alimtazama Agripina kuanzia juu hadi chini, akagusa mkono wake, akaona chokaa imeshika vizuri.

"Pole, mwalimu," alisema.

Kisha, kwa kuwa baiskeli ilikuwa nzito na haina stendi, aliiegemeza kwenye bega la Agripina, akaingia ndani kutafuta sufuria zake. Alizipata, akaondoka.

Enock alikunja turubai mwenyewe. Alipanga viti vya kanisa mbali na vya msikiti, akafagia ua, akaufukia ule mfereji kwa mguu, taratibu, mpaka haukuonekana. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa reli, wenye mchanga. Alifuta miguu akaingia, na Agripina akamsikia ndani yake akivuta kiti, akipiga simu. Alikuwa anauliza kuhusu yule mpya. Kama analala vizuri huko alikohifadhiwa. Kama anaogopa giza. Akacheka kidogo, kicheko ambacho Agripina hakuwa amekisikia tangu wakiwa wachumba.

Mtu wa upande wa pili wa simu akauliza jambo, na Enock akatazama kuta. "Ipo," alisema.

Wivu ulimpanda Agripina kutoka kwenye msingi hadi kwenye mabati, ukatafuta pa kutokea. Lakini Enock alikuwa ameshafunga mlango kwa sababu ya upepo, na madirisha pia.